Parafujo Tano kwenye Kisahani

Olumbi, 12 Aprili 2025

Kaka Fauzi,

Shikamoo. Sisi hapa wazima. Mama ni mzima, magoti ndiyo yanayolalamika, na Sumaia na mwanawe Aly wanakusalimu. Usishangae kupata karatasi wakati simu ipo. Unaijua nyumba hii: simu ikilia tu mama anataka iwekwe sauti kubwa, na utakalosema linasikika mpaka kwa jirani. Nililonalo leo silitaki lisikike. Barua nimempa Latifa, anavuka mpaka wa Namoto kesho na mzigo wake wa samaki wakavu, na anasema duka lako la kutengeneza kompyuta analijua.

Habari ni hii. Mama ameniruhusu niiguse kompyuta ya Ibraimo.

Mengine unayajua, lakini acha niyaseme kwa mpangilio, maana wewe ulikuwa huko Mtwara wakati ule na hujafika mpaka leo. Siku tuliyokimbia vita tulikuwa tumeshatoka wote, mama, Sumaia na mtoto mgongoni, mimi na mabunda. Tulipofika barabarani ndugu yetu Ibraimo akasema ameacha diski. Picha za harusi za watu zote zilikuwa humo, za Olumbi nzima na za nusu ya Palma, na wengi walikuwa hawajachukua zao. Akamwambia Sumaia mkewe, "Nendeni, nawakuta njiani." Hakutukuta. Tuliporudi, miaka miwili baadaye, nyumba ilikuwa imesimama, milango haipo, na kompyuta iko pale pale juu ya meza yake. Mfuniko wa ubavuni umetolewa na kuegeshwa ukutani. Diski haipo. Pembeni, kwenye kisahani cha chai, parafujo tano zimepangwa.

Tangu siku hiyo mama hajaruhusu mtu aguse kitu. Akifuta meza anakizunguka kisahani. Anasema mtu aliyeshikwa na hofu hapangi parafujo. Aliyezipanga anakusudia kurudi kufunga. Kwa hiyo Ibraimo alitoka salama na diski yake mfukoni, na yuko mahali. Ukimuuliza wapi, anasema mahali.

Sasa miaka minne imetimia. Mwalimu Carimo wa msikitini alikuja na wazee wawili. Wamesema mke wa mtu aliyepotea amengoja vya kutosha, aingie eda, kisha awe huru, na sisi tumsomee ndugu yetu hitima. Sumaia akasema hataingia eda bila radhi ya mama. Mama akasema radhi haitoi. Sumaia ana umri wangu, kaka, na si mke wala si mjane. Hata kwao Vamizi hawezi kwenda kukaa, maana akiulizwa amefuata nini hana jibu.

Juzi nikamwambia mama kwamba kompyuta ikiendelea kukaa hivyo kutu itaila. Nikamwambia tuifanye ghala la nyumba, picha za kila mtu zikae humo, zisipotee tena simu zikipotea. Nilikusikia ukisema umemfanyia hivyo mteja wako mmoja. Akafikiri sana, akasema sawa, lakini mfuniko usifungwe na parafujo zisiguswe. Kwangu hiyo ni hatua. Nadhani akiiona inafanya kazi ya wote, ataacha kuiona ya mmoja, na atamwachia Sumaia.

Niambie nifanyeje. Uandike polepole, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu tu.

Dada yako,
Zuleica

*

Mtwara, 21 Aprili 2025

Zuleica,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka samaki kiasi kwamba mteja aliyekuwa kwenye foleni aliniuliza kama siku hizi nauza kitoweo. Mwambie Latifa safari nyingine aiweke kifuani.

Nimefurahi, na nimeogopa kidogo pia. Tuanze na kazi, ndiyo ninayoiweza.

Mashine ile ni ya zamani, kwa kuhariri picha imeshachoka, lakini kwa ghala inatosha kabisa. Mafundi tunaita seva, na neno lenyewe ni la kutishia watu tu. Ni kompyuta isiyolala, inayotunza mafaili na kumpa anayeyaomba. Kwanza ipige brashi laini, vumbi la miaka minne litoke, hasa kwenye feni. Vipande vya kumbukumbu, vile virefu vyembamba, vichomoe na usugue meno yake kwa ufutio wa shule. Kuna betri ya mviringo kama kifungo cha shati. Hiyo imekufa, nimekutumia nyingine. Bila betri hiyo mashine ikizimwa inasahau leo ni tarehe ngapi.

Nimekutumia diski, mfumo nimeshauweka, wewe ni kuchomeka waya mbili. Nimekutumia na rauta ndogo. Intaneti haihitajiki. Kazi ya rauta ni kuziunganisha simu zenu na mashine humo ndani ya uzio. Kila mtu mpe folda yake, na kwenye simu ya kila mtu weka ile programu niliyoiandika kwenye kikaratasi. Baada ya hapo hakuna cha kubonyeza. Simu ikifika nyumbani inamwaga yenyewe picha mpya kwenye folda ya mwenye simu. Ikiwa nje ya uzio haiwezi. Mweleze mama hivyo hivyo, anapenda kujua kitu kinafanyaje kazi.

Huo mfuniko ulio wazi unaniudhi. Mjusi ataingia akalale juu ya umeme, na ndio utakuwa mwisho wake na wa mashine. Kata kipande cha chandarua kikuukuu ufunike ubavu.

Hiyo hitima, ikifika wakati nitaangalia. Kazi ni nyingi huku.

Kaka yako,
Fauzi

*

Olumbi, 10 Mei 2025

Kaka Fauzi,

Shikamoo. Inawaka. Skrini na kibodi nimeazima kwa Arlete, mwalimu mwenzangu aliyeletwa kutoka kusini, na tulihangaika naye Jumamosi iliyopita nzima mpaka ikakubali. Ilipolia ule mlio wake wa kwanza, Sumaia alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akarudi jikoni. Mlio ule alikuwa anausikia kila asubuhi Ibraimo alipokuwepo.

Nimetengeneza pasta nne. Ndiyo, pasta, usinicheke, mimi nimesoma kwa Kireno, folda zenu bakini nazo huko. Ya mama, ya Sumaia, yangu, na ya Aly tunayotilia picha zake za shule. Nikamwita mama aje aone. Nikamweleza kama ulivyosema: simu ikifika nyumbani inamwaga yenyewe. Tukaijaribu. Sumaia alienda mpaka barabarani akapiga picha mkorosho, akarudi, na mama akiangalia skrini mkorosho ukatokea. Mama akacheka. Kaka, sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Kisha akauliza, "Ya Ibraimo iko wapi?" Nikasema hajawekewa, maana hana simu humu. Akasema, "Nyumba niliijenga na baba yenu na kila mtoto akapata chumba. Leo mnajenga nyingine ndani ya sanduku mnamnyima mmoja?" Nikaiweka. Pasta tano, na ya tano tupu.

Lakini sikiliza lililofuata. Siku ya pili, baada ya alasiri, akaniita akasema, "Mwambie Sumaia, Idi ikipita ataingia eda. Mimi sitamzuia." Aliyasema akitazama ile mashine. Sikuuliza kwa nini, niliogopa asije akabadili. Sumaia nilipomwambia alikaa chini palepale uani akalia, na mimi nikalia naye. Fundi Latifa ameshaletewa kitambaa. Usinicheke tena, ndiyo, ni huyu huyu Latifa, anauza samaki na anashona.

Sasa nina ombi. Ibraimo alikuwa anakutumia picha uzisafishe huko Mtwara, kwa kuwa huku hatukuwa na mashine nzuri ya kuchapisha. Lazima una nakala. Nitumie. Nataka siku ya hitima, watu wakishasoma na kuondoka, mama aifungue ile pasta tupu akute kuna mwanawe. Mama nimemficha jambo hili, nataka iwe zawadi.

Zuleica

*

Mtwara, 19 Mei 2025

Zuleica,

Zipo. Nilikuwa nazo kwenye diski ya zamani chini ya meza ya duka, na kwa miaka hii minne sikuifungua. Jana nimefunga duka mapema nikaifungua.

Nyingi ni harusi za watu. Lakini yeye mwenyewe yumo kuliko nilivyodhani, maana kila akijaribu taa alikuwa anajipiga picha mwenyewe. Kuna za Sumaia, kuna za mtoto. Na kuna video fupi ya harusi moja ya Palma, yeye haonekani, ni sauti tu nyuma ya kamera: "Sogeeni, sogeeni, bibi wa nyuma naye aonekane, amevaa kwa ajili ya nani?" Niliisikiliza mara moja nikaiacha. Wewe ukiisikiliza, kaa chini kwanza.

Nimeziweka kwenye flashi, amebeba Latifa. Ichomeke nyuma ya mashine, kisha andika ile amri ya kunakili niliyokuandikia ndani ya bahasha, neno kwa neno, zitaingia zote kwenye folda ya Ibraimo. Fanya mama asipokuwepo.

Umefanya jambo zuri. Mimi nisingeweza.

Fauzi

*

Olumbi, 1 Juni 2025

Kaka,

Nimeharibu. Soma hii peke yako.

Jumatano mama alikwenda kupalilia muhogo. Nikanakili picha kama ulivyoandika, nikaizima skrini, nikatoka kwenda shule. Nilisahau kwamba siku hizi mama akirudi shamba hunawa miguu na kwenda kukaa mbele ya mashine. Kuwasha skrini anajua. Kusoma Kireno hajui, lakini majina yetu anayatambua, na tarakimu anazisoma vizuri kuliko mimi.

Alikuta pasta ya Ibraimo imejaa. Kando ya kila picha kuna tarehe, na tarehe ni ya siku ileile.

Nilimkuta uani. Alikuwa anazunguka uzio kwa nje akiita jina lake kuelekea kwenye mikorosho, bila kupaza sauti, kama anavyoitwa mtu anayejulikana yuko karibu. Aliponiona akanishika mkono akasema, "Wewe si ulisema mwenyewe? Simu ikifika nyumbani inamwaga yenyewe. Ikiwa nje ya uzio haiwezi. Basi amefika. Anaona aibu kwa kukaa muda wote huo, atakuja jioni."

Ilikuwa nimwambie hapohapo. Nikamwona uso wake, nikaenda kumwashia moto.

Alipika. Alimtuma Sumaia nazi, akamkataza kwenda kwa fundi, na kile kitambaa cha eda akakifungia kwenye sanduku lake. Majirani walikuja, wanawake wakapiga vigelegele mlangoni kwetu. Mwalimu Carimo naye akapita, akasema Alhamdulillah, tusubiri. Chakula kilikaa mpaka kikapoa. Kesho yake akapika tena. Mlango wa mbele haufungwi kwa komeo. Leo ni siku ya tano na bado anasema jioni.

 Sumaia ananiangalia tu, na mimi namkwepa. Kwa nini picha za zamani zinaandika tarehe ya leo? Niambie niseme nini. Kama kuna la kusema ambalo halitamuua, liandike.

Zuleica

*

Mtwara, 7 Juni 2025

Zuleica,

Idi mubarak, ingawa sijui nakutakia nini.

Kosa ni langu. Ukinakili faili kwa amri ile niliyokupa, mashine inaandika tarehe ya siku uliyonakili. Kuna namna nyingine inayobeba tarehe ya zamani pamoja na picha. Ningeweza kukuandikia hiyo, haina gharama yoyote, sikufikiri tu. Nafanya kazi hii kila siku na tarehe za watu huwa sizijali, kwa kuwa wateja wangu hawana wanayemsubiri.

Niliposoma barua yako ya kwamba picha zimeingia na tarehe ya leo, kabla sijafika mstari wa chini, moyo wangu uliruka. Mimi niliyezituma mwenyewe. Kwa hiyo usimwone mama mjinga.

Nikasema nitampigia simu nimweleze, nikutoe wewe kwenye hili. Nikapiga Ijumaa baada ya swala. Mama akapokea, sauti kubwa kama kawaida, nikasikia wanawake nyuma. Akasema, "Fauzi, ndugu yako amekaribia. Fanya mpango uje." Nilikuwa nimejiandalia maneno. Unajua nilisema nini? Nikasema Alhamdulillah, mama. Kisha nikasema kuna mteja.

Kwa hiyo huku hakuna shujaa. Lakini lazima aambiwe, na aambiwe haraka. Kila siku tunayonyamaza anapika sufuria nyingine. Mwambie wewe, Zuleica. Nakuomba.

Fauzi

*

Olumbi, 20 Juni 2025

Shemeji Fauzi,

Assalaam alaikum. Ni mimi, Sumaia. Hatujawahi kuandikiana, na Zuleica hajui kwamba naandika. Usimlaumu. Alijaribu mara mbili, kila mara anaishia kumuuliza mama kama maji yameisha.

Nimemwambia mimi. Nilijua tangu saa ya kwanza. Mama aliponiita nione picha, ya juu kabisa ni mimi nimembeba Aly, nimejifunga kanga ya kijani. Kanga ile niliiacha kwenye kamba tulipokimbia, na tuliporudi haikuwepo. Na Aly katika picha ana meno mawili. Aly sasa anakwenda shule, meno hayo hayo mawili yameshang'oka.

Utaniuliza kwa nini basi nilinyamaza wiki nzima. Nitakuambia, maana wewe ni ndugu yake na hakuna mwingine wa kumwambia. Jioni ile ya kwanza, mimi niliyejua, nilioga. Nilifukiza udi chumbani. Nilivaa, nikapaka wanja, nikakaa kitandani na mlango umeachwa wazi. Nilikuwa nawaza kwamba labda kanga wameiokota mahali, labda mtoto huyo ni mwingine. Mtu akitaka kuamini hakosi njia. Asubuhi niliosha uso nikasema sitafanya hivi tena, na jioni ya pili nikafukiza tena.

Siku ya Arafa, jioni baada ya ile simu yako, nilimwambia mama, "Njoo uangalie picha na mimi." Nikamkalisha. Nikamwonyesha kanga, akasema kanga zinafanana. Nikamwonyesha meno. Nikamwita Aly nikamwambia afungue mdomo mbele ya bibi yake. Mama akamtazama Aly, akatazama picha, akamtazama tena. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyefika?" Nikasema hakuna, mama. Picha ni za zamani, zilikuwa kwa Fauzi, Zuleica alitaka kukufurahisha.

Hakulia. Alichomoa waya ukutani. Tangu siku hiyo mashine imezimwa na hataki iguswe, wala hamsemeshi Zuleica. Nilipomuuliza kuhusu eda alisema, "Parafujo zake bado ziko pale." Tumerudi tulikoanzia, shemeji, ila sasa ni vibaya zaidi, kwa sababu alishampikia.

Mimi sikimbilii mume mwingine. Watu wanasema hivyo, waache. Ninachotaka ni kumlilia mume wangu. Miaka minne nimekatazwa kumlilia, kwa kuwa kumlilia ni kumuua. Usiku na mchana namtunza mtu hai ambaye hayupo. Nimechoka.

Wewe ndiye uliyemfundisha kazi ile. Kuna jambo kuhusu zile parafujo mama hatalikubali kwangu wala kwa Mwalimu Carimo, ila kwa fundi. Mwandikie yeye mwenyewe, mimi nitamsomea.

Sumaia

*

Mtwara, 29 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii anakusomea Sumaia, na nimemwomba asiruke neno.

Kwanza, nilipokuambia Alhamdulillah kwenye simu nilikudanganya. Nilijua zile picha zimetoka kwangu. Nisamehe. Zuleica msamehe pia, alinakili kama nilivyomwandikia, na niliyeandika vibaya ni mimi.

Pili ni kisahani.

Mama, Ibraimo alipokuja kujifunza kwangu alikuwa na haraka. Alikuwa anafungua mashine ya mtu na kutupa parafujo mezani, zinaviringika, zinaanguka, na mimi ndiye niliyekuwa napiga magoti kuzitafuta chini ya kabati. Nikamnunulia kisahani. Nikamwambia, kitu cha kwanza kabla ya kushika bisibisi, weka kisahani, na kila parafujo unayotoa iweke humo. Nilimsumbua kwa hilo mpaka mkono wake ukazoea bila yeye kufikiri. Miezi ya mwisho alikuwa anaweka hata anapofungua mashine ya kwenda kutupwa jalalani, nami nikawa namcheka.

Fundi haweki parafujo kisahanini kwa sababu amepanga kurudi. Anaweka kwa sababu amefundishwa. Ibraimo siku ile alifungua mashine kwa haraka, mikono ikafanya ilichozoea, akachukua diski akatoka. Alipotoka alikwenda wapi sijui, mama. Hakuna anayejua. Ningekuwa najua ningekwenda kumchukua, hata kama ni kwa kuchimba kwa koleo.

Lakini kisahani hakisemi kwamba anarudi. Kinasema tu kwamba alikuwa mwanafunzi msikivu. Nimekaa na jambo hili miaka minne, na kila uliponiambia habari ya zile parafujo kwenye simu nilinyamaza, maana nilikuona umezishika, na sikutaka niwe mimi wa kukupokonya. Ndiyo sababu siji nyumbani. Kazi si nyingi kiasi hicho.

Mwachie Sumaia. Tumsomee ndugu yangu. Nitakuja, nitakaa chini na watu, nitasoma pamoja nanyi. Sema tu lini.

Mwanao,
Fauzi

*

Olumbi, 13 Julai 2025

Fauzi mwanangu,

Marahaba. Nasema mimi, anaandika Sumaia. Nimemwambia naye asiruke neno.

Barua yako imesomwa mara tatu. Ya kwanza nilikuchukia. Nilisema huyu amekaa Mtwara anakula wali wake, ameniletea barua ya kumzika mwenzake. Siku mbili sikutaka kusikia jina lako. Siku ya tatu nikakumbuka Ibraimo alipokuja likizo ya kwanza kutoka kwako. Alikuwa anatoa misumari kwenye kiatu changu, kiatu kimekufa, nilikuwa nataka kamba yake tu. Akaomba kisahani. Nikamgombeza kwamba visahani ni vya wageni. Akasema, "Kaka Fauzi ataniua." Kwa hiyo ulilosema ni kweli. Ningependa liwe uongo.

Sumaia ameingia eda Ijumaa. Nguo nimemvalisha mimi, na tumelia mimi na yeye mpaka Zuleica akaogopa akatuletea maji. Alikuwa na machozi mengi mtoto huyu, sijui alikuwa anayaweka wapi. Amenisamehe. Mimi ndiye niliyemzuia, nilifikiri namtunzia mwanangu mke. Sasa anakaa ndani, ndiyo maana ana nafasi ya kuniandikia.

Hitima bado hatujasoma. Tunakungoja wewe. Usilete zawadi, uje mwenyewe.

Ile mashine yako inawaka tena. Nimemwambia Zuleica aiwashe, si vizuri picha za watu zikae gizani. Zile za harusi tumeanza kuwaita wenyewe waje wazitazame. Mama mmoja wa Palma amemwona mwanawe aliyefariki akicheza ngoma, akatushukuru sana. Bibi wa nyuma anaonekana, nimemwona. Sauti ya Ibraimo nimeisikia. Nilikaa chini kwanza, kama ulivyosema.

Zuleica akaniambia pasta ya Ibraimo inaweza kufungwa, kutazama iwe ruhusa, kuongeza isiwezekane, asije mtu akatia kitu humo kwa makosa tukapotezwa tena. Nikauliza, na yeye akija? Zuleica akaondoa mkono kwenye kibodi. Nikasema funga.

Mfuniko nimeufunga mimi. Bisibisi yake aliondoka nayo, nikatumia kisu cha jikoni, na mkono ulikuwa unateleza, kwa hiyo ubavuni kuna mikwaruzo. Usinicheke ukiiona. Kisahani nimekiosha nikakirudisha kwa wenzake, jana mgeni amenywea chai.

Nimefunga parafujo nne. Zuleica anasema tundu moja limebaki na vumbi litaingia, nikamwambia tundu dogo hilo lina vumbi gani. Ya tano nimeifunga kwenye pindo la kanga, na huwa nalala nayo.

Ukija lete bisibisi nyingine ikae humu ndani. Hiyo ya tano usiniulize.

Mama yako,
Cadija